Nganda ya Santuri: Tulienda Kuona Kabla ya Kukopesha



Katika vikundi vyetu vya AVEC, mkopo wa ndagala, wa unga wa mihogo au wa vitenge hauleti maneno mengi. Mama anaeleza shida yake, katibu anaandika, kufuli tatu zinafunguliwa na sanduku linatoa. Lakini mwezi uliopita ombi moja lilitugawanya. Mwanachama mwenzetu, mjane mwenye watoto wanne, aliomba dola 300 kwa ajili ya nganda yake ndogo, mahali anapouza wiski na kupiga muziki wa santuri za zamani.

Wengine walisema makuta ya akina mama hayawezi kuingia katika chupa. Wakataja majina ya nyumba zilizovunjika kwa sababu ya pombe, na hakuna aliyeweza kuwapinga, maana nyumba hizo tunazijua. Kisha mama mmoja mzee akauliza: «Hisa zake za kila wiki zinatoka wapi? Si katika chupa hizo hizo? Mbona tunazipokea?» Kikao kikanyamaza.

Kanuni yetu inasema kamati ya mikopo itembelee kazi kabla ya kukopesha. Kwa hiyo tulienda, wanne, siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mmoja wetu ni mke wa mchungaji. Alisema atakuja, lakini atakunywa Fanta. Ukweli ni kwamba sote tulikunywa Fanta.

Mahali penyewe

Ni chumba kimoja katika kartie ya Kimanga, chenye viti kumi na viwili na meza nne. Hakuna taa za rangi, hakuna bafle kubwa iliyowekwa mlangoni kuwaita wapita njia. Ukutani kuna ubao mweusi kama wetu wa darasani, umeandikwa kwa chaki: «Leo: Sauti za wanawake.» Chini yake majina matatu: Lucie Eyenga, Abeti Masikini, M'Bilia Bel.

«Karibuni, bamama, muikale,» alitupokea. Kisha akatuonyesha santuri zake. Ziko karibu mia moja na themanini, zimesimamishwa wima kama vitabu. Marehemu mume wake alizinunua moja moja kwa mshahara wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, na vita vya 1996 vilipofika Uvira alizifunga katika magunia akazificha kwa ndugu. Nyingine zilivunjika, nyingi zilipona. Mama alitufundisha mambo ambayo hatukuyajua: santuri hailazwi chini ya nyingine, maana uzito na joto la hapa kando ya ziwa huipinda. Vumbi likiingia katika mifereji yake, sindano inachana sauti. Umeme ukipanda na kushuka, sahani inazunguka vibaya, na mwimbaji anakuwa kama mtu mwenye mafua.

Kila siku ana mpango wake. Jumatano ni nyimbo za Kiswahili za Katanga, za akina Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo. Ijumaa ni wanawake. Jumapili, baada ya watu kutoka misani, ni rumba ya kwanza. Mteja anayetaka wimbo fulani haruhusiwi kupiga kelele. Anaandika kwenye karatasi, na mama anaamua kama unafaa kwa siku hiyo. Sauti iko chini kiasi kwamba watu wa meza moja wanaweza kuzungumza bila kuinua koo. Upande mmoja wa santuri kubwa ukiisha, baada ya dakika ishirini hivi, kuna kimya mpaka mama anyanyuke kuigeuza. Hakuna aliyelalamika kwa kimya hicho.

Tulisikiliza Abeti. Mama akatukumbusha kwamba alizaliwa Kisangani mwaka 1954, na kwamba kabla ya kufika miaka ishirini alikuwa amekwisha kuimba katika ukumbi wa Olympia huko Paris, mwaka 1973. Mwaka uliofuata akaimba Carnegie Hall, New York. M'Bilia Bel naye alianza kama mchezaji wa Abeti kabla ya kuingia katika orchestra Afrisa ya Tabu Ley. Binti mmoja aliyekuwa akiosha glasi alisimama kusikiliza. Shuleni tunawafundisha watoto majina ya mito ya Kongo, lakini majina ya wanawake hawa hatuyafundishi.

Jambo la kale kuliko sisi

Mtu anaweza kufikiri nganda ya namna hii ni mtindo mpya. Sivyo. Muziki wetu ulikulia katika baa. Wendo Kolosoy alitoa Marie-Louise mwaka 1948, na wimbo huo ulienea kutoka Léopoldville hadi mbali. Mwaka 1956 orchestra ya akina Franco ilianzia katika baa ya Bwana Oscar Kashama, na jina OK Jazz lilitoka hapo. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya nchi zote mbili, katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni hili: katika miaka ya 1950, huko Léopoldville na Brazzaville, wanawake walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana. Waliweka akiba pamoja, walizikana, walivaa vitenge vya namna moja, na walikutana katika baa hizo hizo karibu na wapiga muziki. Kwa hiyo sanduku la akina mama na nganda vimejuana tangu zamani.

Mashariki yetu pia imechangia. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa huko Jadotville, Likasi ya leo, na mpiga gitaa huyo wa Kiswahili akajulikana Kenya na hata Ulaya. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam, na Watanzania wakampenda kwa sababu aliimba shida za watu maskini. Alifariki huko Desemba 2010.

Na mbali kabisa, Japani, ziko nyumba ndogo za kusikiliza santuri za jazi. Moja yao, Chigusa ya mji wa Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1933, wakati santuri kutoka Marekani ilikuwa ghali na kijana hakuweza kuinunua. Alinunua kikombe cha kahawa, akakaa, akasikiliza santuri ya mwenye nyumba. Leo nyumba nyingine za namna hiyo huuza wiski, na katika baadhi yake kuzungumza kwa sauti ni kosa. Mama wetu wa Kimanga hajawahi kufika Japani. Amefikia mahali pamoja kwa njia yake.

Hesabu ya glasi

Sasa tuseme juu ya pombe yenyewe, bila kuzungukazunguka. Wengi wetu tunaamini kwamba wiski ni sumu na bia ni kinywaji tu. Tuliwahi kuandika hesabu hii ubaoni. Na wewe iandike.

Chupa kubwa ya bia ina sentilita 72, na pombe yake ni karibu asilimia 5. Maana yake ndani mna mililita 36 za pombe tupu. Wiski ina pombe karibu asilimia 40. Kipimo kidogo cha mililita 30 kina mililita 12 za pombe tupu. Kwa hiyo chupa moja kubwa ya bia ni sawa na vipimo vitatu vya wiski. Mume anayesema «nimekunywa mbili tu» amekunywa vipimo sita. Na kifuko cha plastiki cha mililita 100, kile ambacho vijana wanakitia mfukoni kwa makuta kidogo, kina mililita 40, zaidi ya chupa nzima ya bia, na kinamezwa kwa dakika moja. Tanzania ilikataza vifuko hivyo tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Hapa kwetu bado vinauzwa karibu na shule.

Mama yetu hauzi vifuko, wala kanyanga. Anapima kwa kikombe cha bati mbele ya macho ya mteja, na mtu mmoja hapati zaidi ya vipimo vitatu. Hamuuzii mtoto wa chini ya miaka 18, wala mwanamke mwenye mimba. Hili la mwisho liliwaudhi baadhi ya watu, lakini madaktari wanasema wazi: hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Haya hayafanyi pombe kuwa maziwa. Mke wa mchungaji alimwuliza: «Na yule anayekunywa vitatu hapa, kisha anaenda kukunywa vinne kwingine?» Mama alijibu: «Yule siwezi kumfuata. Lakini akitoka hapa, makuta ya minerval ya watoto wake sijayakula kwa deni.»

Daftari

Neno hilo la deni lilitupeleka kwenye daftari. Hapo ndipo kamati inafanya kazi yake, maana muziki mzuri haurudishi mkopo.

Chupa ya wiski ya mililita 750 ananunua kwa dola 15. Inatoa vipimo 25, kila kimoja franka 3,000, jumla franka 75,000. Kwa kubadilisha kwa wakati ule, 2,800 kwa dola, ilikuwa karibu dola 27. Faida ni dola 12 kwa chupa. Anauza chupa tatu kwa wiki, yaani dola 144 kwa wiki nne. Katika hizo anatoa dola 30 za nyumba, 15 za kodi mbalimbali, 9 za barafu na mlinzi, na 20 za mafuta ya jenereta. Zinabaki dola 70 kwa mwezi. Asubuhi anauza ndagala, na faida hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Ukurasa wa madeni katika daftari lake ni mweupe kabisa.

Ombi lake lilikuwa na sehemu mbili. Dola 150 za sahani ya jua na betri, na dola 150 za bafle mbili kubwa. Tulizungumza na majirani pia. Mmoja alisema: «Muziki wake hautuuzi usingizi. Jenereta ndiyo inatuua.»

Tulivyoamua

Kamati ilipendekeza kukopesha dola 150 za sahani ya jua na betri, na kukataa bafle. Sahani itaondoa dola 20 za mafuta kila mwezi pamoja na kelele ya jenereta. Atalipa dola 33 kwa mwezi kwa miezi mitano, faida ya sanduku ikiwa ndani yake, na bado atabaki na dola 57. Bafle kubwa zingeleta watu wengi wasiokuja kusikiliza, zingegombanisha majirani, na zingeharibu kitu kile kile kinachotofautisha nganda yake na nyingine zote. Tuliweka masharti kwa maandishi: kufunga saa tatu usiku, hakuna vifuko, hakuna deni, na daftari lionyeshwe kila mwisho wa mwezi.

Katika kikao kikubwa, 17 walikubali na 8 walikataa. Mke wa mchungaji alikuwa kati ya wale 8. Alisema aliyoyaona pale ni ya heshima, lakini dhamiri yake haikumruhusu kunyanyua mkono. Kisha yeye mwenyewe akafungua kufuli yake ya tatu, maana kikundi kilikuwa kimeamua. Tunamshukuru kwa yote mawili.

Sisi tuliorudi kutoka Kimanga hatusemi kila baa ikopeshwe. Nyingi haziwezi kupita mtihani wa daftari, na nyingine hazistahili hata kutembelewa. Tunasema tu kwamba kazi ya mwanamke ihukumiwe kwa jinsi anavyoifanya: anauza nini, kwa nani, kwa kipimo gani, mpaka saa ngapi, na nani analipa hasara.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni kazi gani ambazo kikundi chenu kinazikataa bila kwenda kuziona? Kwa nini?
2. Fanyeni hesabu ya chupa moja na kifuko kimoja. Katika avenyu yenu, vifuko vinauzwa umbali gani kutoka shuleni, na nani mnaweza kumwendea pamoja?
3. Mama akikopeshwa kwa masharti, nani atayafuata miezi yote, hata sura ya urafiki inapoingia?
4. Watajieni watoto wenu wanawake watatu walioimba na kuheshimisha nchi hii. Kama majina hayaji, waulizeni bibi zao. Wao wanayajua.