Ghala Kujaa Si Mtoto Kushiba

Mkoa wa Ruvuma wasifika nchini kote kwa mahindi yake. Msimu wa mavuno ukifika, magunia hujaa maghalani Songea na malori huyapeleka mikoa mingine. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mkoa huo huo ni miongoni mwa mikoa ambayo udumavu wa watoto ungali mwingi. Ni dhahiri, basi, kwamba wingi wa unga si ushahidi wa afya. Na somo hilo ni zito zaidi katika nyumba yenye mtoto mgonjwa wa selimundu.

Selimundu si uchawi wala laana. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi, kwa mgonjwa huyu hujipinda mfano wa mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo mwili wake huunda damu mpya usiku na mchana bila kupumzika. Mjenzi asiyelala huhitaji matofali mengi, na matofali ya damu hayapatikani katika ugali peke yake.

Yanayohitajika hayako mbali. Maharage ya Umatengo, dagaa wa Ziwa Nyasa, karanga, mayai, majani ya maboga na matunda ni vyakula vya kwetu. Mboga za majani na maharage vina asidi ya foliki, ambayo mwili huitumia kuunda chembe mpya. Mboga zisichemshwe mno na maji yake kumwagwa. Mtoto akikosa hamu, apewe kidogo kidogo mara nyingi, na uji wake utiwe karanga au maziwa.

Maji nayo ni chakula chake. Mwili ukikauka, chembe hujipinda na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu makali huanza. Katika baridi ya Juni na Julai watu husahau kunywa, na baridi yenyewe huweza kuamsha maumivu. Apewe maji ya uvuguvugu na nguo nzito. Walimu nao twawaomba wamruhusu kunywa maji na kwenda haja mara kwa mara. Figo zake hupoteza maji mengi. Huo si utovu wa nidhamu.

Lakini tujihadhari. Vidonge vya madini ya chuma asipewe bila kupimwa, hasa aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi, kwani chuma kikizidi hudhuru ini na moyo. Wala chakula hakichukui nafasi ya dawa alizoandikiwa na daktari. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho twalielekeza kwa akina baba. Katika nyumba nyingi kipande kinono cha samaki huwekewa mwenye nyumba, na mtoto huachiwa mchuzi. Desturi hiyo hatuna budi kuiacha. Heshima ya baba haimo katika sahani yake. Imo katika uzima wa wanawe. Mahindi tumekwisha kuyavuna. Sasa na tujifunze kugawa kitoweo.