Nyumba Yenye Wenyewe



Sisi watu wa pwani tukisema nyumba fulani ina wenyewe, hatuna haja ya kueleza zaidi. Hata mtoto mdogo wa Malindi ajua kuwa hawakusudiwi wapangaji. Ajabu yangu ilikuwa kulisikia neno hilohilo Siongiroi, katika kaunti ya Bomet, mbali kabisa na bahari, tena kinywani mwa ajuza wa Kikipsigis.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mpwa wangu na mkewe. Binti huyu ni mzaliwa wa Siongiroi. Alisilimu kabla ya kuolewa, na safari yetu ilikuwa ya kuhani msiba wa babake. Alikuwa na mimba ya miezi sita, baada ya mbili kuharibika, na kila aliyemwamkia alimtazama tumbo kwanza, kisha uso. Tulipoaga, mpwa wangu akataja mahali alipotuwekea vyumba vya usiku ule: nyumba kongwe upande wa Kericho, iliyojengwa na Waingereza kwa mabwana wa mashamba ya chai, na ambayo sasa hulaza wageni. Jina lake nitalisitiri.

Bibi yake binti, ambaye kwao huitwa kogo, akaweka chini kikombe chake. "Msimlaze mjukuu wangu pale," akasema. "Nyumba ile ina wenyewe. Mwenye mimba akilala pale, haitoki salama."

Nilitabasamu, na tabasamu lile nalijutia. Nikamweleza, kwa sauti ya darasani, kuwa majini wapo na sisi twaamini hivyo, lakini mahali hapana mamlaka juu ya mtu. Nikamsimulia juu ya Waarabu wa zama za ujahili, ambao msafiri wao akituka bondeni usiku humwomba mkuu wa majini wa bonde lile amlinde. Suratul Jinn yatueleza kwamba kujikinga kwao kuliwazidishia madhila tu. Nikaongeza habari za Gede, ambako James Kirkman, Mwingereza aliyeyachimbua magofu yale kuanzia 1948, aliandika kuwa mwanzoni alihisi kana kwamba kuna mtu amtazamaye kutoka nyuma ya kuta. Naye alifanya kazi pale miaka na asidhurike.

Kogo alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akaniuliza kama nimepata kusikia Gwassi.

Nilikuwa nimelisikia jina tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa dini na waganga wa Wakipsigis. Watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto, wakahamishiwa Gwassi, karibu na ziwa Viktoria, penye joto, malaria na mbung'o. Hawakuruhusiwa kurudi ila uhuru ulipokaribia, na waliorudi hawakuirudia ardhi yao. Hata kabla yao, Wakipsigis wengi walikuwa wamekwisha kuondolewa katika ardhi ile ya juu. Baada ya vita vya kwanza vya dunia kiasi cha ekari 25,000 walipewa maafisa wa jeshi la Kiingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Kitani kikawashinda, na tangu miaka ya 1920 makampuni yakapanda chai.

"Mimi nilizaliwa Gwassi," kogo akasema. "Mama yangu alizika watatu kabla yangu. Wengine hawakufika hata kuzaliwa."

Sikuongeza neno.

Njiani mvua ya mawe, ambayo Kericho ni mashuhuri kwayo, ikatuchelewesha, na kurudi nyuma hakukuwezekana. Tulifika baada ya Isha. Kijana wa mapokezi akatuuliza, karibu kwa fahari, kama tumesikia habari za mwanamke aliaye usiku. Nimesoma kuwa huko Marekani hofu ya namna hii ni biashara: Stanley Hotel ya Colorado, iliyofunguliwa 1909, watu hulipa kulala chumba nambari 217, kwa sababu Stephen King alilala humo 1974 kisha akaandika riwaya ya kutisha. Mtu atoe fedha ili asilale! Nikaomba funguo.

Kabla ya kulala nikawakumbusha dua aliyoipokea Bi Khawla bint Hakim, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake: ashukaye mahali akajikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, hadhuriki na kitu mpaka aondoke hapo. Wanawake wakachukua chumba kimoja, sisi wanaume kingine.

Kiasi cha saa nane za usiku mabati yakaanza kualika kwa baridi. Kisha kikaja kilio. Kilianza kama mlango mbovu, kikapanda kidogo kidogo hata kikawa ukelele wa mtu anayenyongwa. Nakiri kuwa nywele zilinisimama. Tulipofika ukumbini, mlinzi alikuwa amekwisha kusimama nje na kurunzi yake, akimulika mti. "Ni perere, mzee," akasema, na kweli alikuwapo, mnyama mdogo kuliko paka, amejikunyata tawini. Ukubwa wa sauti ile na udogo wa mwili ule haviaminiki.

Nikarudi kugonga kwa wanawake niwape habari njema. Mke wangu alikuwa amemchukua binti kitandani kwake, amekwisha kumsomea Ikhlasi, Falaki na Nasi, na kumpangusa kwa viganja kama alivyokuwa akifanya Mtume, rehema na amani zimshukie. Binti akanisikiliza habari za perere, kisha akasema kwa upole, "Mjomba, mimi siogopi jini. Naogopa kulala juu ya haki za watu. Mama yake kogo alilia. Kilio chake kilikwenda wapi?"

Mimi huwafundisha watu kila mwaka kwamba baina ya dua ya aliyedhulumiwa na Mola wake hapana pazia. Usiku ule ulimi ulikuwa mzito kuyasema, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa akinijibu.

Alfajiri ilipoingia nikakumbuka mas-ala niliyoyasoma utotoni nikiyaona ya vitabuni tu: hukumu ya kuswali katika ardhi iliyoghusubiwa. Wanachuoni wetu wa Kishafii wasema swala yasihi, na dhambi ya ghasbu yambaki aliyeghusubu. Kwa Mahanbali imemashuhurika kauli ya kuwa haisihi. Tulikuwa wageni tuliolipia kitanda, tukaswali. Lakini nilikaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yangu. Chini ya kilima, wachuma chai walikuwa wakiingia shambani katika ukungu, vikapu mgongoni.

Wakati wa kuondoka mlinzi, ambaye ni Mkristo, akanivuta kando. Perere anamjua, akasema, lakini huko nyuma jikoni kuna kingine. Je, singemwandikia karatasi ya Kiarabu abandike mlangoni?

Nikamwambia karatasi sina. Nikampa tende zilizobaki mkobani, naye akazipokea kwa mikono miwili, bila kuonekana kuridhika.