Watumishi wa Maktaba na Zana Mpya za Mtandao: Maelezo kwa Wananchi wa Sumbawanga na Ufipa

Maktaba ya Mkoa wa Rukwa, iliyoko mjini Sumbawanga, ni miongoni mwa maktaba za mikoa zinazosimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, chombo ambacho asili yake ni sheria ya mwaka 1963 na ambacho kiliundwa upya kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1975. Kwa miaka mingi kazi ya mtumishi wa maktaba ilifahamika kwa kila aingiaye mlangoni: kuandika kadi, kuzipanga katika droo, kupanga vitabu rafuni kwa namba, kugonga mhuri wa tarehe na kudai vitabu vilivyocheleweshwa. Siku hizi kazi hiyo imeongezewa nyingine ambayo msomaji haioni kwa urahisi, nayo ni kutafuta habari katika mtandao wa intaneti kwa niaba ya wasomaji. Maelezo haya yanatolewa ili watumishi wa serikali na wananchi wa uwanda wa juu wa Ufipa waelewe ni nini hasa mtumishi huyo hulazimika kujifunza.

Wengi hudhani kwamba mafunzo hayo ni ya kubonyeza kompyuta. Kubonyeza hujulikana kwa siku chache. Jambo gumu ni kujua namna ya kuuliza.

Chukua mfano wa msomaji anayetaka kujua historia ya Wafipa. Mtaalamu Roy Willis alitoa kitabu mwaka 1978 kuhusu masimulizi ya wenyeji hao, na kingine mwaka 1981 kuhusu kukua kwa dola yao kabla ya ukoloni. Jina la kitabu cha kwanza, kwa Kiingereza, lina neno “Fipa”. La pili lina neno “Ufipa”. Anayetafuta majina ya vitabu kwa neno “Ufipa” atakipata kimoja na kukikosa kingine. Anayeandika “Wafipa” huenda akavikosa vyote viwili na kuondoka akiamini kwamba hakuna aliyeandika. Orodha kubwa za ng'ambo hazifuati viambishi vya lugha zetu. Kwao Mfipa, Wafipa na Kifipa ni maneno matatu yasiyo na undugu. Mkutubi aliyefunzwa hujaribu maandiko yote, kisha hufungua kifungu cha mada na kuona maktaba nyingine zimetumia neno gani. Elimu hiyo haimo ndani ya mashine, na mkutubi aliyezaliwa Ufipa anayo zaidi ya mwenzake aliyeko London.

Kukosa kitabu cha historia ni hasara ndogo. Kuna maswali ambayo jibu lake likikosewa huleta njaa nyumbani. Mwaka 2017 mahindi ya mkoa wa Rukwa yalikuwa miongoni mwa yale ya kwanza nchini kushambuliwa na viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya bara la Amerika ambao waligunduliwa Afrika mwaka 2016. Mkulima akifika maktaba na kutaja “viwavijeshi”, mtandao humletea pia maandishi mengi yanayohusu viwavijeshi wengine, wale waliozoeleka Afrika tangu zamani, ambao huhama kwa makundi makubwa kutoka shamba hadi shamba. Hawa wageni hujificha katikati ya majani machanga ya mhindi, na hata ndani ya gunzi, mahali ambapo dawa haifiki kwa urahisi. Namna ya kupambana nao ni tofauti. Kwa hiyo mtumishi hufundishwa kutafuta kwa jina la kitaalamu, ambalo kwa mdudu huyu ni Spodoptera frugiperda, na kutazama mwaka wa maandishi kabla ya kuyatoa. Andiko la Afrika lililotolewa miaka ya 1990 haliwezi kuwa linamzungumzia mdudu huyo, hata likiwa na picha nzuri kiasi gani. Baada ya hapo mkulima huelekezwa kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake, kwa kuwa kazi ya maktaba ni kutoa maandishi, si kuandika dawa.

Tahadhari hiyo inahusu pia programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa lugha fasaha. Programu hizo zimeonekana kutaja vitabu ambavyo havijapata kuandikwa, pamoja na majina ya waandishi wake. Mkutubi hatakiwi kumpa msomaji jina la kitabu kabla ya kulithibitisha katika katalogi.

Zipo hazina za maandishi ambazo hazifunguki kwa kila mtu. Huduma ya AGORA, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na ile ya HINARI ya mwaka 2002 inayohusu afya, hutolewa kwa taasisi zinazostahili, si kwa mtu binafsi. Neno la siri hukabidhiwa taasisi, na kulitawanya ni kuvunja masharti yake. Kwa upande wa vitabu vya shule, Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao yake, na mkutubi anayeijua humwepusha mzazi na gharama isiyo ya lazima.

Sehemu nyingine ya mafunzo ni uandikaji wa katalogi yenyewe. Programu kama Koha, iliyobuniwa New Zealand mwaka 1999 na inayotolewa bila malipo, huwezesha maktaba kuonyesha orodha yake nje ya jengo. Orodha ikiwa imewekwa mtandaoni, mwalimu aliyeko Namanyere au Matai anaweza kujua kama kitabu kipo kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini. Lakini kitabu cha historia ya Tanzania, ambacho namba yake katika mpango wa Dewey ni 967.8, kikiandikwa 976.8 kimekwenda Tennessee, Marekani. Kipo jengoni, na hakuna atakayekipata.

Umeme nao una neno lake. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme uliovutwa kutoka Zambia, na kukatika kwake hakukuwa jambo geni. Maktaba yenye busara huhifadhi nakala ya orodha mahali pa pili na haitupi daftari la maazimo.

Rekodi za wasomaji zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Haifai ofisi yoyote kumtaka mtumishi wa maktaba aeleze nani ameazima nini, isipokuwa kwa utaratibu wa sheria.

Wananchi wanaofika kuuliza wanaombwa waeleze swali lao kwa ukamilifu badala ya kutaja neno moja. Mwenye swali la kilimo ataje zao, alichokiona shambani na mwezi alipokiona. Mwanafunzi aje na darasa lake na jina la somo.