Ziwa moja, majina mawili: Jinsi magazeti yanavyochora mpaka wa Tanzania na Malawi

KIBITI, mkoani Pwani, iko mbali na mpaka wa Malawi, na wakazi wake wengi huujua mgogoro wa ziwa kupitia magazeti tu. Gazeti la Dar es Salaam huliita Ziwa Nyasa. La Blantyre huliita Ziwa Malawi. Kabla ya hoja yoyote kutolewa, jina limekwishaonyesha mwandishi yuko upande gani, kama ilivyo kwa visiwa ambavyo Waingereza huviita Falkland na Waargentina huviita Malvinas.

Chanzo ni mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, uliopitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa. Wajerumani hao ndio ambao manowari yao, Königsberg, iliangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Malawi inaushikilia mkataba huo, pamoja na azimio la nchi huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji.

Mwaka 2011 Malawi iliipa kampuni ya Surestream ya Uingereza leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na mwaka uliofuata mgogoro ukapamba moto. Hapo ndipo neno “kudai” lilipofanya kazi kubwa. Katika habari za Tanzania, anayedai ni Malawi, inayotaka ziwa lote. Katika habari za Malawi, anayedai ni Tanzania, inayotaka nusu. Anayedai huonekana mchokozi, na asiyedai huonekana mwenye mali. Ukweli ni kwamba serikali zote mbili zinadai.

Ramani ni hatari zaidi, kwa kuwa msomaji habishani nayo. Ya Tanzania huchora mstari katikati ya maji, ya Malawi huuchora ufukweni, na ni nadra kuona maelezo kwamba mstari huo unabishaniwa.

Usuluhishi ulikabidhiwa jopo la marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, lakini haukuzaa mwafaka. Katika habari hizo waliosikika zaidi ni mawaziri. Mvuvi wa Mbamba Bay au Matema alisikika kwa nadra, ingawa kwa ramani moja anavua nyumbani, na kwa nyingine anavuka mpaka kila anaposukuma mtumbwi majini.