Macho ya Rubani na Giza la Bahari

Kwetu sisi watu wa visiwani ndege si anasa. Ndiyo imchukuayo mgonjwa mahututi kwenda hospitali kubwa, na ndiyo imrejeshayo mtumishi wa Serikali kazini mwake wakati bahari imechafuka. Kwa hiyo usalama wa zile dakika chache za mwisho, ndege inapokikaribia kiwanja, ni jambo linalomhusu kila mwananchi.

Wengi wetu huamini kwamba rubani akishakiona kiwanja kwa macho, hatari imekwisha. Imani hiyo si sahihi. Macho ya binadamu, hata yakiwa mazima kabisa, hudanganyika, na rubani aliyedanganywa na macho yake hana habari kwamba amedanganyika.

Tuchukue njia ya kutulia ndege. Rubani aliyezoea njia yenye upana wa mita 45, akifika kwenye kiwanja kidogo chenye njia nyembamba, huiona kama iko mbali, naye hudhani yuko juu mno. Hapo huishusha ndege, kumbe alikuwa mahali pake. Njia iliyopanda kama mlima humpotosha vivyo hivyo, na ile inayoteremka humpotosha kinyume chake. Mvua juu ya kioo cha mbele, au ukungu mwepesi wa alfajiri, navyo humfanya ajione yuko juu kuliko alivyo. Taa za barabara ndefu iliyonyooka zimepata kudhaniwa kuwa taa za kiwanja.

Lakini udanganyifu ulio mkubwa kuliko wote ni ule utukutao sisi wa visiwani: giza la bahari. Usiku usio na mwezi, ndege inapokuja kutoka baharini, chini yake hapaonekani kitu. Si mti, si nyumba, si wimbi. Mbele zipo taa za kiwanja tu, zikielea gizani. Jicho hukosa cha kulinganishia, na rubani hujiona yuko juu, akashuka polepole pasipo kujua, hata akawa chini ya njia yake ya salama kabla hajaufikia uwanja. Katika miaka ya 1960, mtaalamu Conrad Kraft wa kampuni ya Boeing alilichunguza jambo hili kwa kuwaweka marubani wazoefu katika chombo cha mazoezi kilichoigiza usiku wa namna hiyo. Wengi wao walishuka chini kuliko walivyodhani. Hao hawakuwa wanagenzi.

Visiwa vingine vimekwisha kulipa gharama ya kutua usiku. Tarehe 6 Agosti, 1997, ndege ya Korean Air ilianguka juu ya kilima katika kisiwa cha Guam, maili chache kabla ya kiwanja, usiku na katika mvua, na watu 228 kati ya 254 wakapoteza maisha. Chombo cha redio kinachomwonyesha rubani mteremko wa kushukia kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, na nahodha alitarajia kukiona kiwanja kwa macho. Jirani zetu wa Ngazija nao hawajausahau usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, 2009, ndege ya Yemenia ilipotumbukia baharini ikizunguka ili itue. Kati ya watu 153 alipona msichana mmoja tu. Hatusemi kwamba macho peke yake ndiyo yaliyosababisha misiba hiyo. Uchunguzi ulionyesha makosa ya uendeshaji pia. Tunalosema ni kwamba kutua usiku kandokando ya bahari au milima hakutaki kubahatisha.

Dawa ipo, nayo si ya ajabu. Kando ya njia ya kutulia huwekwa taa nne zilizopangwa mstari mmoja. Rubani akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, anajua yuko kwenye mteremko ufaao, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3. Akiona zote nyekundu, yuko chini mno. Zote nyeupe, yuko juu mno. Taa hizo hazidanganywi na giza wala na wembamba wa njia. Lakini taa isiyofanyiwa matengenezo, au iliyozibwa na majani, haina faida. Na ile iliyopinduka pembe yake ina madhara zaidi kuliko kutokuwapo, maana itamhakikishia rubani uongo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika na viwanja vyetu, vikubwa na vidogo, wazipe taa hizi nafasi ya mbele katika makadirio ya fedha. Zikaguliwe kwa ratiba, vipuri viwepo ghalani, na siku zinapoharibika marubani waarifiwe kabla hawajaruka. Wanaotoa vibali vya ujenzi nao wafikirie taa kali za mahoteli na viwanja vya michezo zinazowekwa karibu na njia za ndege. Pale ambapo hakuna vifaa vya kutosha, ndege zisiruhusiwe kutua usiku, hata kama wakubwa wana haraka.

Sisi abiria nasi tunao wajibu wetu. Rubani anapoacha kutua, akapaa na kuzunguka tena, wapo wanaoguna na kusema hajui kazi. Huyo ndiye ajuaye kazi. Amelishuku jicho lake, akavitazama vyombo vyake, akachagua kuchelewa. Kumlaumu ni kumfundisha kwamba mara nyingine ajilazimishe.

Macho ya rubani yatabaki kuwa macho ya binadamu. Kuyapa msaada yanaostahili kumo katika uwezo wetu, na wakati wake ni sasa, kabla ya msiba.