Chupa Mezani: Kiti cha Bei Ghali

Katika klabu za usiku za mji wa Kampala, kuanzia Kabalagala hadi Kololo, umeenea mtindo ambao askari na polisi wengi wanaufahamu. Mteja hanunui toti moja moja kwenye kaunta. Hununua chupa nzima ya wiski, vodka au konyaki, akapewa meza yake, viti, barafu, soda na bilauri za kuwatosha wenzake. Chupa huletwa na wahudumu kwa msafara, fataki ndogo zikiwaka shingoni mwake, na ukumbi mzima hugeuka kutazama. Swali tunalotaka kulijibu leo ni fupi: je, thamani ya chupa hiyo yalingana na bei yake?

Hatuandiki ili kumkataza mtu starehe. Askari ni binadamu, na aliyemaliza zamu yake salama ana haki ya kuketi na wenzake. Lakini sisi tuliovaa sare tumefunzwa kupima kila jambo kabla ya kulitenda: umbali wa shabaha, uzito wa mzigo mgongoni, maji yaliyobaki kwa safari. Haifai kipimo hicho kikomee langoni pa kambi.

Kwanza yatupasa kujua kinachouzwa. Mtindo wa chupa mezani ulishika mizizi New York katika miaka ya 1990, na baadaye ukatapakaa Las Vegas, Miami na miji mingine ya anasa duniani. Sababu yake ni ya kibiashara. Sakafu ya klabu haiongezeki. Watu ishirini wanaozungukazunguka wakiwa na bia moja moja mkononi hujaza nafasi bila kuleta faida kubwa. Watu watano waliokwisha kulipia chupa huleta fedha nyingi wakiwa wamekaa pembeni. Hivyo mwenye klabu hauzi kinywaji tu. Anauza kiti, na juu ya kiti anauza macho ya watu.

Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Ashley Mears, ambaye zamani alikuwa mwanamitindo, aliingia katika klabu za namna hiyo akachunguza mwenendo wake, na mwaka 2020 akachapisha kitabu kiitwacho Very Important People. Alieleza jinsi wasichana warembo wanavyokusanywa na kuketishwa katika meza hizo bila malipo, ili matajiri wavutike kununua chupa zaidi, na jinsi faida inavyoishia kwa wengine. Jambo la kustaajabisha zaidi ni hili: wateja wengi alipozungumza nao mchana, nje ya muziki na taa, waliubeza ufujaji ule ule walioushiriki usiku. Ikiwa matajiri wa New York wanaona hivyo kunapopambazuka, sembuse koplo mwenye watoto watatu shuleni? Wahenga wetu walikwisha kulisema kwa maneno machache: cha mlevi huliwa na mgema.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue bei za mfano tu, kila mmoja aweke za mahali pake. Tuseme chupa ya mililita 750 dukani ni shilingi 70,000, na chupa hiyo hiyo mezani ni shilingi 350,000. Tuseme pia toti moja ya mililita 30 kwenye kaunta ni shilingi 12,000. Chupa ina toti 25. Toti 25 za kaunta ni shilingi 300,000. Kwa hiyo yule aliyenunua chupa hakupata nafuu ya jumla, kama wengi wanavyodhani. Amelipa shilingi 50,000 zaidi ya bei ya kaunta, na mara tano ya bei ya duka.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wakiwa watano, na kila mmoja akatoa sehemu yake, kila mtu amelipa shilingi 70,000 kwa toti tano, mahali ambapo kaunta ingemtoza 60,000. Tofauti ni shilingi 10,000 kwa kiti, barafu, soda na kuepuka foleni. Hiyo si bei ya kuonea. Tena lipo jambo jingine la haki kulitaja: chupa inayofunguliwa mbele ya macho yako, muhuri wake ukiwa mzima, ni salama kuliko kinywaji kilichomiminwa usikoona. Hatujasahau Aprili 2010, ambapo makumi ya watu katika wilaya ya Kabale walipoteza maisha kwa waragi iliyochanganywa na methanoli.

Lakini hesabu hiyo nzuri ina masharti, na hapo ndipo askari wengi hunaswa. Sharti la kwanza ni kwamba watano wawe watano kweli. Mara nyingi walioketi ni watano na mlipaji ni mmoja. Sharti la pili ni kwamba iwe chupa moja. Baadhi ya klabu huweka kiwango cha chini cha matumizi kwa kila meza, na kiwango hicho chaweza kuzidi bei ya chupa unayoitaka. Asiyeuliza mapema hukijua wakati wa kulipa. Sharti la tatu ni kwamba meza isiongezeke watu. Meza yenye chupa huvuta marafiki ambao hawakuwapo jua lilipotua, na kila bilauri inayoongezwa huikaribisha chupa ya pili. Chupa ya pili huagizwa na watu waliokwisha kunywa ya kwanza, nao si mahasibu wazuri.

Wale watakaosema kwamba meza ya pamoja ni utamaduni wa udugu, tunawaomba wautazame mtungi wa malwa. Katika Teso, na katika miji yetu mingi, wanywaji huketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Maji ya moto huongezwa, mazungumzo huendelea, na kila mmoja hutoa mchango wake. Vikundi vingine vina mwenyekiti, kanuni na hata mfuko wa kusaidiana wakati wa msiba. Hakuna fataki, na hakuna anayegeuka kutazama nani amelipa. Udugu upo tele pale, kwa bei ndogo kuliko toti mbili za Kololo. Kwa hiyo anayenunua chupa mezani asijidanganye kwamba ananunua udugu. Anachonunua ni kuonekana.

Gharama ya pili si ya fedha, nayo inaihusu kazi yetu moja kwa moja. Toti moja ya mililita 30, yenye kileo cha asilimia 40, ina takriban gramu tisa na nusu za kileo halisi. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiharakishi, wala maji baridi kichwani. Watu wawili wakiimaliza chupa moja, kila mmoja amebeba kama gramu 118. Aliyeanza saa 5 usiku atakuwa na kileo mwilini hadi karibu saa 5 asubuhi hata kama mwili wake una nguvu, na kwa wengine mpaka alasiri. Gwaride limekwisha kupita. Bunduki imekwisha kutolewa ghalani. Dereva wa lori la kikosi amekwisha kushika usukani akiamini kwamba usingizi wa saa mbili umemtakasa. Polisi wa barabarani wanaijua hali hii kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaokishika kile kifaa ambacho raia hukiita kawunyemu. Itakuwa aibu kubwa mpimaji akishindwa kukipuliza yeye mwenyewe.

Gharama ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili. Tumesema kwamba meza hiyo huuza macho ya watu. Basi mkumbuke kwamba si macho yote ni ya kirafiki. Mtu anayetaka kujua ni askari gani ana fedha, nani ana madeni, nani huropoka akilewa, hana haja ya kuzunguka kambi. Akae tu kwenye kaunta atazame meza. Na siku moja mhudumu ataleta chupa ambayo hamkuiagiza, akisema imetoka kwa bwana fulani aliyekaa kule. Bwana huyo atainua bilauri kwa mbali, atatabasamu, na hatadai kitu usiku ule.

Atadai baadaye. Labda lori lake litafika kwenye kizuizi mnachokilinda. Labda jina la ndugu yake litakuwa katika jalada la kituo chenu. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 haihesabu noti peke yake. Zawadi na fadhila zimo pia. Kwa hiyo chupa ya bure ndiyo ghali kuliko zote. Irudishwe kwa adabu kabla haijafunguliwa, na aliyeileta ashukuriwe mbele ya wenzako wote wasikie.

Tuwatazame hasa ndugu zetu wanaorudi kutoka kazi za nje. Tangu Machi 2007, Uganda ilipopeleka kikosi chake cha kwanza Somalia chini ya Umoja wa Afrika, askari wengi wamerejea nyumbani wakiwa na posho ya miezi mingi iliyokusanyika. Posho hiyo ilipatikana kwa jua, kiu na hatari ya kila siku. Askari wa namna hii akiingia klabuni wiki ya kwanza, hataona ubaya wa shilingi 350,000, kwa maana fedha bado ni nyingi. Basi afanye jambo moja rahisi. Aulize bei ya mfuko mmoja wa saruji katika wilaya yake, aigawanye bei ya chupa kwa bei hiyo, kisha aitazame ile idadi ya mifuko ikinywewa mezani. Akiba anayo mahali pa kuiweka: wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, kilichoanza mwaka 2005, na polisi wana Exodus. Fedha zilizoingia huko kabla ya Ijumaa haziwezi kuagiza chupa ya pili Ijumaa usiku.

Jibu letu, basi, ni hili. Chupa mezani yaweza kulingana na bei yake pale mambo matano yanapokutana: kundi ni la watu watano au zaidi, kila mmoja ametoa fedha yake kabla ya kuondoka kambini, kiwango cha chini cha meza kimeulizwa na kujulikana, hakuna aliye na zamu, silaha wala usukani asubuhi yake, na wote wamekubaliana mapema kwamba chupa ni moja. Harusi ya mwenzenu, kupandishwa cheo, kurejea salama kwa kikosi: siku kama hizo huja mara chache, na kumbukumbu yake ina thamani. Likikosekana hata moja katika hayo matano, nendeni kaunta, au kantini, au kwenye mtungi.

Na anayehofu kwamba bila meza hataheshimiwa, akumbuke kwamba klabu zote za usiku za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, zikafunguliwa tena Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyeagiza chupa kwa fataki katika nchi nzima. Hatukusikia askari hata mmoja aliyepungukiwa cheo kwa sababu hiyo. Alama za cheo zilibaki mabegani, na mishahara ya wengine, kwa mara ya kwanza, ilivuka tarehe 15.