Alama Zisizopanda: Juu ya Mitihani ya Majaribio ya GMAT

Miongoni mwa mitihani ambayo vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huifanya ili kutafuta nafasi katika vyuo vya biashara vya ng'ambo, ni nadra kuupata uliozungukwa na hofu, vitabu, masomo ya ziada na ushauri wa kila anayepita kama ule uitwao GMAT. Na katika hofu zote zinazoandamana nao, ile iletwayo na jaribio la nyumbani ndiyo iondoayo usingizi zaidi. Mtahiniwa hujifungia chumbani siku ya Jumamosi, akafanya jaribio, akapata alama 555. Akarudi vitabuni majuma mawili kwa bidii isiyo na shaka, akajaribu tena, akapata 545. Na hapo huanza kuituhumu akili yake, au kitabu chake, au mwalimu wake. Makala haya yanamhusu yeye, na hoja yake ni moja: alama hupandishwa na kazi ifanywayo baina ya jaribio na jaribio, wala haipandishwi na wingi wa majaribio. Nahodha aingiaye bandari asiyoijua hutupa bildi ili ajue kina cha maji; lakini hata akiitupa kila dakika, hajiongezei shibiri moja ya maji chini ya mkuku wa chombo chake.

Mtihani wenyewe una umri mkubwa kuliko wengi wanaoufanya. Ulianza mwaka 1954 huko Marekani, baada ya vyuo vichache vya biashara kuafikiana juu ya kipimo kimoja cha kuwapimia waombaji wao. Ukapewa jina la GMAT mwaka 1976, ukahamia kwenye kompyuta mwaka 1997, na umbo lake la sasa lilitolewa Novemba 2023, lile la zamani likafungwa mwanzoni mwa 2024. Una sehemu tatu, kila moja dakika 45: maswali 21 ya hesabu, 23 ya kusoma na kupima hoja, na 20 ya kuchambua takwimu zilizomo katika majedwali, michoro na maelezo, na jumla ya alama huanzia 205 hadi 805. Miaka hii naitaja kwa faida iliyo karibu zaidi kuliko historia: vitabu vya mitumba vilivyopangwa kando ya barabara za miji yetu, ambavyo aghalabu vilichapwa zamani, vimejaa maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza na maswali ya pembetatu na duara, mambo ambayo umbo jipya limeyaondoa, na anayekesha juu yake anakesha bure.

Sisi tuliolelewa na mitihani ya moko tumezoea kuamini kwamba alama ni hesabu ya majibu sahihi: maswali mia, sitini sahihi, alama sitini. GMAT haihesabiki hivyo. Kompyuta humchagulia mtahiniwa swali lifuatalo kwa kadiri ya alivyojibu yaliyotangulia, hata anayejibu vizuri akapandishiwa ugumu, na anayekosea akateremshiwa. Kwa sababu hiyo mwenye alama kubwa na mwenye alama ya wastani wanaweza kuondoka chumbani wakiwa wamekosa maswali yanayokaribiana kwa idadi, ila mmoja aliyakosa katika mlima na mwingine katika tambarare. Basi mtahiniwa anayetoka katika jaribio akiwa na masikitiko kwamba maswali yalikuwa magumu mno hajui bado kama ana sababu ya kusikitika. Na kwa kuwa hesabu hiyo ya kupanga ugumu na kutoa alama ni ya watungaji wa mtihani wenyewe, majaribio yanayouzwa na makampuni mengine huiga tu kwa kukisia, mengine yakiwa makali kupita kiasi na mengine laini, hata anayehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine akapata alama 40 za ziada huenda hakupanda hata daraja moja. Majaribio rasmi ya watungaji yapo sita, mawili kati yake bure. Hayo ndiyo ya kuaminiwa, na kwa kuwa ni machache yafaa yatunzwe.

Hata majaribio rasmi nayo yana utata wa aina yake. Kila kipimo cha elimu kina taksiri yake, na watungaji wa GMAT wenyewe hukadiria taksiri ya jumla ya alama kuwa kama 30 hadi 40. Maana yake ni kwamba mtu yule yule, kwa maarifa yale yale, angeweza leo kupata 575 na kesho 605 bila kujifunza wala kusahau kitu. Unapolinganisha majaribio mawili, kila moja na taksiri yake, shaka huwa kubwa zaidi, kwa hiyo kushuka kutoka 555 hadi 545 hakuelezi chochote, na ni sharti tuseme kwa insafu kwamba kupanda kutoka 545 hadi 565 nako hakuelezi chochote. Aghalabu hatari ya kupanda huku kwa kubahatisha ni kubwa kuliko ya kushuka, kwani hakuna atafutaye sababu ya furaha. Mwaka 1886 Francis Galton, akipima urefu wa wazazi na watoto wao huko Uingereza, alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu mno huelekea kuwa wafupi kidogo kuliko wazazi wao, na watoto wa wafupi mno huelekea kuwa warefu kidogo kuliko wao. Na kanuni hiyo ya kurejea kwenye wastani hutawala pia meza ya mtahiniwa. Mtu hupata jaribio baya kuliko kawaida yake, akanunua kitabu kipya siku hiyo hiyo, jaribio lifuatalo likarudi mahali pake pa kawaida, naye akaenda kuwahubiria wenziwe habari za kitabu.

Nini basi hupandisha alama? Nitaeleza kwa swali moja, kwa kuwa swali moja lililochunguzwa vema hufaa kuliko hamsini yaliyopitiwa mbio. Katika sehemu ya takwimu kuna aina ya maswali ambayo hayataki jibu. Yanataka mtahiniwa aamue kama taarifa alizopewa zinatosha kulipata jibu. Tuseme Asha alinunua machungwa kwa shilingi 300 kila moja na maembe kwa shilingi 700 kila moja, na swali ni alinunua maembe mangapi. Taarifa ya kwanza: alilipa shilingi 3,200 kwa jumla. Taarifa ya pili: alinunua matunda manane kwa jumla. Mtahiniwa aliyesoma aljebra sekondari huona mara moja vitu viwili visivyojulikana na milinganyo miwili, akachagua kwamba taarifa zote mbili kwa pamoja zinatosha na hakuna moja itoshayo peke yake, akasonga mbele kwa raha ya mtu aliyeokoa dakika. Amekosea. Embe halinunuliwi nusu wala robo: akijaribu embe moja, zitabaki shilingi 2,500, ambazo hazigawanyiki kwa 300, maembe mawili yanaacha 1,800, yaani machungwa sita kamili, matatu yanaacha 1,100, manne yanaacha 400, na bila embe lolote 3,200 zenyewe hazigawanyiki. Njia ni moja tu, kwa hiyo taarifa ya kwanza inatosha peke yake.

Sasa tazama watu wawili waliokosa swali hilo wanavyolipitia. Wa kwanza hufungua ukurasa wa majibu, akasoma maelezo, akatikisa kichwa, akasema "Loo, kumbe!", akafunga. Wa pili, kabla ya kuona jibu lolote, hurudia kila swali lililomtia shaka bila saa mezani, akaandika jibu lake la pili kando ya la kwanza, na ndipo akafungua majibu. Njia hii ina thamani kuu kwa sababu huyatenga makosa kwa asili yake. Lile alilolikosa kwa haraka na kulipata kwa utulivu ni kosa la mwendo au la woga, na kusoma sura nzima ya kitabu hakutalitibu. Lile alilolikosa mara zote mbili ni upungufu wa maarifa, na hapo kitabu ndicho dawa. Na lipo la tatu, ambalo watu hulisahau kabisa: swali alilolipata sahihi kwa kubahatisha, ambalo katika orodha ya alama linang'aa kama mengine, ilhali kwa hakika ni deni.

Kisha huyo wa pili huandika makosa yake katika daftari, na hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu huandika "uzembe" au "sikuwa makini", maneno yasiyomwambia mtu afanye nini kesho. Mwandikaji mzuri wa daftari la makosa, akifika kwenye maembe ya Asha, huandika: "Nilihesabu milinganyo bila kuuliza kama vitu vinaweza kukatika." Hilo ni agizo. Wiki ijayo, likija swali la watu ndani ya basi au la stempu au la viti, agizo hilo litamjia kabla ya kalamu. Nami ningeongeza sharti moja: asiridhike kuyasoma maelezo tena na tena, bali baada ya siku kadhaa alifungue swali lile lile, maelezo yakiwa yamefunikwa, alifanye upya tangu mwanzo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likaandika kwa kukumbuka tu bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliwashinda wenzao. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele. Mtahiniwa asomaye maelezo usiku wa leo na kuhisi ameelewa yuko katika zile dakika tano.

Muda nao una hesabu yake, ingawa ni fupi. Sehemu ya hesabu humpa mtu dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali, ya kusoma humpa pungufu kidogo ya dakika mbili, na ya takwimu dakika mbili na robo. Anayetoa dakika sita kwa swali la kumi kwa sababu ya ghera, akikataa kushindwa, amelinunua swali hilo moja kwa mawili ya mwisho, ambayo atayabahatisha au kuyaacha wazi. Na kuyaacha wazi ni vibaya zaidi, kwani mtihani huadhibu maswali yasiyojibiwa. Umbo la sasa humruhusu kulitia alama swali lolote na kulirudia mwishoni mwa sehemu ikiwa muda umebaki, na kubadili majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu. Ruhusa hiyo ni neema kwa aliyefanya mazoezi ya kuachilia, na ni mtego kwa asiyewahi kuachilia swali maishani mwake.

Katika sehemu ya kusoma na kupima hoja, msomaji wa Kiswahili ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu hudhani kwamba upungufu wake ni wa msamiati, akakariri orodha za maneno adimu. Mara nyingi upungufu uko penginepo. Swali hueleza, kwa mfano, kwamba mji fulani ulipandisha nauli za basi na abiria wakapungua, kisha likauliza ni dhana gani ambayo hoja ya mwandishi imeitegemea. Na mtahiniwa huchagua jibu lililo kweli duniani, kwa kuwa ameishi mjini na anajua mambo ya nauli, badala ya lile ambalo likiondolewa hoja huanguka. Huyu afunike majibu matano, aeleze pengo la hoja kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili, ndipo ayafunue.

Kuhusu jaribio lenyewe, moja la mwanzo hutosha kuonyesha mahali pa kuanzia, na baada yake majuma mawili au matatu ya kazi baina ya jaribio na jingine si mengi. Likifanywa, lifanywe kwa adabu ya mtihani wa kweli: saa mbili na robo, pumziko moja la dakika kumi, simu nje ya chumba, na kikokotoo katika sehemu ya takwimu peke yake, kwa kuwa sehemu ya hesabu hairuhusu, na waliozoea kugawanya kwa simu hugundua siku ya mtihani kwamba vidole vyao vimesahau. Majaribio matatu ya mwisho yachukuliwe wastani wake, wala isichukuliwe alama kubwa kuliko zote, maana ndiyo iliyobebwa zaidi na bahati. Ikiwa wastani huo bado uko mbali na kile ambacho chuo kinachoombwa hupokea, tarehe iahirishwe. Ukiwa karibu, aende; mtihani huweza kurudiwa baada ya siku 16, hadi mara tano katika miezi kumi na miwili, na matokeo hayafiki chuo chochote mpaka mwenyewe, baada ya kuyaona, achague kuyapeleka.